Makaburi matatu ya mabaharia wa meli za biashara: uchambuzi wa kisa kimoja cha Nairobi

Kuhusu kisa hiki

Uchambuzi huu unaeleza jinsi kikundi cha watu saba wa kujitolea jijini Nairobi kilivyojaribu kuyatambua na kuyawekea alama makaburi ya mabaharia watatu wa meli za biashara waliofariki jijini kati ya 1942 na 1944. Mwandishi alikuwa mmoja wa hao saba, na makosa mawili kati ya yatakayosimuliwa ni yake mwenyewe. Majina ya marehemu, ya meli zao, ya makaburi na ya jamaa yameondolewa. Marehemu wataitwa injinia, mtia makaa na mhudumu, kwa kazi walizofanya melini. Pale ambapo jina lenyewe ndilo lililokuwa kiini cha tatizo, limetumika jina la mfano lenye tabia ileile ya jina halisi.

Usuli

Swali ambalo karibu kila mtu hutuuliza ni baharia alifuata nini Nairobi, mji ambao miaka hiyo ulikuwa mbali na bahari kwa safari ya treni ya usiku kucha. Jibu limo katika ramani ya vita ya mwaka 1942. Baada ya ndege za Japani kushambulia Colombo na Trincomalee mwezi Aprili, manowari za Uingereza zilizokuwa katika Bahari ya Hindi zilihamia Kilindini, Mombasa. Mwezi Juni na Julai nyambizi za Japani ziliwinda katika Mlango wa Msumbiji na kuzamisha zaidi ya meli 20 za biashara, na nyambizi za Ujerumani zikafuata baadaye mwaka huohuo. Walionusurika walishushwa katika bandari yoyote iliyokuwa karibu. Nairobi ilikuwa na hospitali za kijeshi na hewa ya baridi, kwa hiyo baadhi ya wagonjwa walipandishwa treni kuja bara. Waliopona walirudi pwani kutafuta meli nyingine, na wasiopona walizikwa hukuhuku.

Askari aliyefariki Nairobi miaka hiyo ana nafasi kubwa ya kuwa na jiwe lenye jina lake, hasa katika makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, yaliyofunguliwa mwaka 1941. Baharia wa meli ya mizigo hana uhakika huo, na sababu si uzembe wa mtu. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa mwaka 1917 kwa jina lingine na kupewa jina la sasa mwaka 1960, humhesabu askari kuwa marehemu wa vita iwapo alifariki akiwa kazini kati ya tarehe 3 Septemba 1939 na tarehe 31 Desemba 1947, hata kama aliuawa na malaria au aligongwa na gari mjini. Baharia wa meli ya biashara alikuwa raia. Kwake yeye tarehe peke yake haitoshi: lazima ionekane kwamba kifo chenyewe kilitokana na vita. Tofauti hiyo, ambayo kwenye karatasi ni sentensi moja tu, ndiyo iliyoendesha kisa kizima.

Kutokuwa wanajeshi kuliwaumiza mabaharia hata walipokuwa hai. Hadi mwezi Mei 1941, baharia wa Uingereza ambaye meli yake ilizamishwa aliweza kukatwa mshahara kuanzia siku meli ilipozama, hata kama wakati huo alikuwa ndani ya mashua ya kuokolea akipiga makasia. Wengi wa waliopotea wametajwa katika mnara wa Tower Hill, London, wenye majina karibu 24,000 ya Vita vya Pili peke yake, na maandishi yake yanasema wazi kwamba ni wa watu wasio na kaburi ila bahari. Mabaharia walioajiriwa kwa mikataba ya India waliandikwa katika vitabu vya kumbukumbu vilivyowekwa Mumbai na Chittagong.

Kenya nayo ina historia yake ya kumbukumbu zisizo na majina. Sanamu za askari na mchukuzi zilizoko Kenyatta Avenue zimeandikwa kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, lakini hazina jina la mtu hata mmoja, na mtaa wa Kariokor umebeba jina la kikosi kizima cha wachukuzi ambao makaburi yao mengi yaliachwa yarudi kuwa pori baada ya Vita vya Kwanza. Mwaka 2021 Tume hiyo ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliofariki katika vita hivyo, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda idadi ikafika 350,000. Ripoti hiyo ndiyo iliyotukusanya. Tulidhani tunakwenda kutafuta askari.

Yaliyotokea

Mwenzetu mmoja, karani mstaafu wa kumbukumbu za hospitali, alikuwa akipitia daftari la zamani la mazishi la mji alipogundua kwamba katika safu ya kazi ya marehemu mlikuwa na maingizo matatu yanayohusu meli. La kwanza lilikuwa la injinia wa meli, Mwingereza, aliyezikwa upande wa Wakristo. La pili lilikuwa la mtia makaa, aliyeandikwa kwa jina ambalo hapa tutalifanya kuwa “Osman Shah”, aliyezikwa upande wa Waislamu siku tatu baada ya injinia. La tatu lilikuwa la mhudumu wa vyakula melini kutoka Goa, aliyezikwa mwaka uliofuata upande wa Wakristo. Kila ingizo lilikuwa na nambari ya safu na ya kaburi. Makaburini kwenyewe hapakuwa na jiwe, msalaba wala kibao chochote katika sehemu hizo, bali nyasi na mizizi ya mjakaranda.

Hapo ndipo tulipofanya kosa la kwanza. Ilikuwa mwezi Septemba, na tulitaka alama ziwe tayari kabla ya Jumapili ya Kumbukumbu ya mwezi Novemba, siku ya kuwakumbuka waliofariki vitani. Tulichangishana kwa simu, tukamwita fundi, naye akatumwagia vibao vitatu vya saruji, kila kimoja kikiwa na jina kama lilivyoandikwa daftarini, mwaka wa kifo na nanga. Tulihesabu safu kuanzia langoni, tukahesabu makaburi ndani ya safu, tukapima kwa hatua na kwa kamba. Tulipata kibali cha maneno tu kutoka kwa msimamizi wa siku hiyo, ingawa makaburi ni jukumu la serikali ya kaunti chini ya Katiba ya 2010 na kibali kilipaswa kuwa cha maandishi. Vibao vilisimikwa siku ya Alhamisi.

Ijumaa asubuhi mzee mmoja aliyechimba makaburi hapo kwa miaka mingi, na ambaye hakuna aliyekuwa amefikiria kumuuliza, alisimama mbele ya kibao cha injinia akatuuliza kwa upole kwa nini tumemwekea mtoto jina la mtu mzima. Alitueleza kwamba lango tunalolijua lilifunguliwa baada ya barabara kupanuliwa. Lango la zamani lilikuwa upande wa pili, limezibwa kwa mawe, na daftari la miaka ya vita lilihesabu kutoka huko. Tulipolitazama upya daftari kwa kuhesabu kutoka lango la zamani, kaburi tulilolisimikia kibao lilikuwa kweli la mtoto mchanga.

Hatukutaka kubadilisha hesabu kwa neno la mtu mmoja, hata kama ni mjuzi, kwa hiyo tulitafuta njia ya kulipima. Katika safu zilizokaribiana na za mabaharia tulipata mawe saba ya zamani ambayo bado yalisomeka. Tuliyatafuta majina hayo daftarini na kuandika nambari zao, kisha tukahesabu kwa njia zote mbili. Kwa hesabu ya lango jipya hakuna jiwe hata moja lililoangukia nambari yake. Kwa hesabu ya lango la zamani mawe sita yaliangukia nambari zao sawasawa. La saba, kwa maelezo ya mzee, lilihamishwa mtaro wa maji ulipochimbwa. Kazi hiyo ilichukua asubuhi moja. Ingeweza kufanywa kabla ya saruji kumwagwa.

Vibao viling’olewa, tukaacha vigingi vya mbao vyenye nambari bila majina.

Suala la mtia makaa lilikuwa gumu zaidi. Jina lilituelekeza Bara Hindi, na kwa miezi mitano mwandishi wa makala hii alitafuta “Osman Shah” katika kila orodha ya mabaharia wa Kihindi iliyopatikana, bila mafanikio yoyote. Mlango ulifunguliwa na kamati ya msikiti iliyokuwa ikisimamia mazishi ya Waislamu zama hizo. Kamati ilikuwa na daftari lake, lililoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na hakuna kati yetu saba aliyejua kulisoma. Mwalimu wa madrasa alitusomea kwa dakika chache. Katika ukurasa wa mwezi uleule alikuwemo mtu aliyeandikwa, kwa jina letu la mfano, Athumani bin Shee, mtu wa Siyu, baharia, aliyekufa hospitali, na kwamba alioshwa na kuzikwa na jamaa wa msikiti kwa sababu hakuwa na ndugu mjini. Anayewajua watu wa Lamu na visiwa vyake anajua kwamba Shee ni jina la kawaida huko. Karani aliyelisikia kwa sikio la kigeni aliliandika Shah, na Athumani akamfanya Osman, na kwa kalamu hiyo Mswahili wa Siyu akageuka Mhindi.

Tarehe za madaftari mawili hazikulingana, zikapishana kwa siku moja, na hilo lilitutia shaka mpaka mwalimu akacheka. Marehemu alifariki usiku. Kwa hesabu ya mji, siku ilikuwa bado ileile. Kwa hesabu ya Kiislamu, jua lilikuwa limekwisha kuchwa na siku mpya imeingia.

Kwa jina sahihi mambo yalikwenda upesi. Katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew kuna madaftari ya vifo vya mabaharia, yaliyo chini ya nambari BT 334, na orodha za mabaharia na vitabu vya safari vya miaka ya vita chini ya BT 381. Orodha ya mabaharia huonyesha kila mtu alipandia bandari gani, alishuka lini, wapi na kwa sababu gani. Mtafiti tuliyemwomba huko alituletea picha za kurasa zilizoonyesha kwamba injinia na mtia makaa walikuwa meli moja, kwamba meli hiyo ilipigwa topido, na kwamba wote wawili waliteremshwa Mombasa wagonjwa baada ya kukaa siku kadhaa katika mashua moja ya kuokolea. Cheti cha injinia kilisema nimonia, na cha mtia makaa vilevile. Mhudumu alikuwa wa meli nyingine, ambayo haikuguswa na adui. Alikuwa Nairobi akisubiri nafasi ya kazi, akagongwa na lori.

Uamuzi uliofanywa na sababu zake

Tuligundua jambo lingine lisilo la kawaida: jina la injinia lilikuwa tayari Tower Hill, kati ya wasio na kaburi ila bahari. Yaelekea aliingizwa pamoja na wenzake waliozama. Kwa hiyo kwake hatukuhitaji kuthibitisha sababu ya kifo, bali mahali pa kaburi tu. Tuliamua kutanguliza ombi lake kwa Tume, na hatukufanya hivyo kwa kumthamini zaidi. Ombi lake lilikuwa ufunguo wa lile la mwenzake. Ikiwa nimonia ya mtu aliyelowana katika mashua ile ilihesabiwa kuwa kifo cha vita, basi nimonia ya mtu aliyelowana naye, katika mashua ileile, akapanda treni ileile na kufa siku tatu baadaye, haiwezi kuhesabiwa kuwa ugonjwa wa kawaida. Maombi mawili yalifungwa pamoja katika bahasha moja, kila moja likitaja kurasa za lingine.

Kuhusu mhudumu tulibishana kwa wiki nzima. Wenzetu wawili walitaka tulipeleke ombi lake pia, kwa hoja kwamba asingekuwa Nairobi kama si vita. Hoja hiyo ina uzito wa kibinadamu, na askari aliyegongwa na lori lilelile angepata jiwe bila swali. Lakini kanuni inauliza kilichomuua, haiulizi kilichomleta, na ombi tulilojua kuwa dhaifu lingeweza kupunguza imani kwa yale mawili yenye nguvu. Tuliamua kutoliwasilisha. Aliyepiga kura ya mwisho ni mratibu wetu, na hadi leo husema hakuipenda kura yake.

Uamuzi wa tatu ulihusu ndugu. Kupitia mwalimu wa madrasa tulifikia familia moja ya Siyu, na bi mkubwa wa nyumba, mjukuu wa marehemu, alizungumza nasi kwa simu kwa muda mrefu. Alijua kwamba babu yake alipotea vitani. Hakujua kwamba alizikwa kwa sanda na sala. Tulipomweleza, kwa fahari kidogo, kuhusu kibao cha saruji tulichokuwa tumekiandaa, alinyamaza, kisha akasema, “Wanangu, ahsanteni, lakini kaburi halijengewi. Huwekwa alama tu, lijulikane.” Hapo tulitambua kwamba tulikuwa tumechora nanga na kumwaga saruji juu ya kaburi la Mwislamu bila kumuuliza Mwislamu yeyote. Kuanzia siku hiyo tulikubaliana kwamba hakuna umbo wala maneno yatakayoamuliwa kabla familia haijasema, na pale familia isipopatikana, watu wa dini ya marehemu waulizwe.

Matokeo

Kaburi la injinia lilikubaliwa. Sasa lina jiwe lenye nembo ya mabaharia wa meli za biashara, na kumbukumbu ya mahali alipozikwa imesahihishwa.

Ombi la mtia makaa lilirudishwa mara moja likihitaji ushahidi kwamba Osman na Athumani ni mtu mmoja. Tuliongeza nakala ya daftari la msikiti, tafsiri yake iliyotiwa sahihi na mwalimu, maelezo ya tofauti ya tarehe, na kiapo cha familia kuhusu jina na kijiji. Lilikubaliwa. Mahali penyewe, hata hivyo, hapakuweza kuthibitishwa kikamilifu: safu ilijulikana, lakini mtaro ule ulikuwa umepita kati ya makaburi mawili na kuvuruga mpaka wake. Kwa hali kama hiyo upo utaratibu wa zamani wa kuandika kwamba marehemu amezikwa karibu na hapo, na familia iliukubali bila kusita. Jiwe ni fupi, limesimama upande wa kichwani bila kufunika kitu. Lina jina alilopewa na wazazi wake, na chini yake maneno yanayoeleza kwamba alitumika kwa jina lile lingine, ili atakayekuja na orodha ya meli mkononi asipotee kama sisi tulivyopotea.

Mhudumu hana jiwe la vita. Ana msalaba wa mbao ngumu, uliolipiwa na parokia moja ya jijini, wenye jina lake, meli yake na mwaka. Jamaa zake bado hawajapatikana.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoharibika

Kosa la vibao linaweza kuonekana kuwa la haraka tu, lakini mzizi wake ni mpangilio wa kazi. Tulianza na jiwe kwa sababu jiwe ndilo linaloonekana, ndilo linalochangiwa, na ndilo linalopigwa picha. Kwa baharia wa meli ya biashara mpangilio unaofaa ni kinyume: kwanza jina, kisha sababu ya kifo, kisha mahali, na jiwe mwisho. Kwa askari unaweza kuruka hatua ya pili; kwa baharia haiwezekani. Kama tungeanza na cheti cha kifo na orodha ya meli, tungejua tangu mwezi wa kwanza kwamba wawili walikuwa wa meli moja, na tusingepoteza miezi mitano Bara Hindi.

Jaribio la mawe saba ndilo tunaloliona kuwa jambo bora tulilofanya, na linaweza kutumika katika makaburi yoyote ya zamani ambayo daftari lake limesalia. Halihitaji chombo cha kisasa. Linahitaji mawe machache yanayosomeka katika eneo lilelile, daftari, na uvumilivu wa kuhesabu mara mbili kutoka pande zote zinazowezekana. Nambari ya kaburi ni maelekezo ya njia, na maelekezo ya njia hayana maana mpaka ujue mtu alisimama wapi alipoyatoa. Inafaa kukumbuka kwamba wazo lilitokana na mchimba kaburi, na kwamba tulipita mbele yake kwa wiki mbili tukimwamkia, “Shikamoo, mzee,” bila kumuuliza kitu.

Udhaifu wetu mkubwa zaidi haukuwa makaburini. Watu saba waliosoma, wote wasemaji wa Kiswahili, walimtafuta Mswahili katika karatasi za Kiingereza peke yake. Daftari la msikiti lilikuwa umbali wa safari fupi ya matatu. Lilikuwa na jina sahihi, asili, dini na mazingira ya mazishi, mambo ambayo daftari la mji halikuwa nayo, na kwa mtu kama yule lilikuwa chanzo cha kwanza wala si cha nyongeza. Mwandishi anakiri kwamba alilidharau bila hata kuliona, kwa sababu alichukulia kwamba lililoandikwa na ofisi ndilo rasmi. Tangu wakati huo kikundi kina mwanachama wa nane, mwalimu yuleyule, na ndiye anayesoma kwanza.

Hoja ya mashua moja ilifanya kazi kwa sababu ilijengwa juu ya kurasa, wala haikujengwa juu ya huruma. Tulikuwa tumeandika rasimu iliyolalamikia ubaguzi wa zamani kwa aya nne. Mratibu aliifuta yote akaacha jedwali la safu mbili, injinia na mtia makaa, lenye tarehe za kupanda meli, kushambuliwa, kuokolewa, kuteremka, kulazwa na kufa. Msomaji aliweza kuona mwenyewe kwamba safu hizo mbili zinatofautiana katika jina na mshahara peke yake.

Kuhusu mhudumu, bado hatukubaliani. Mwandishi anaona uamuzi ulikuwa sahihi kwa kanuni zilizopo. Wenzetu wawili wameendelea kutafuta kitabu cha safari cha meli yake, kwa kuwa wamepata dokezo kwamba siku alipogongwa huenda alikuwa ametumwa kazini na wakala wa meli, jambo ambalo wanaona lingebadilisha swali la kanuni. Ukurasa wa mwezi huo umeombwa. Kigingi cha zamani chenye nambari kimeachwa palepale nyuma ya msalaba, kwa ombi lao.